Hundi, Sahihi Mbili na Simu ya Mkononi

Fungua gazeti lolote la Tanzania, hautapita muda utaikuta picha ile: mbunge, meneja wa benki na mwalimu mkuu wameshika ubao mpana uliochorwa mfano wa hundi, milioni kadhaa zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Hakuna atakayeupeleka ubao huo benki. Fedha zenyewe huingia kwenye akaunti ya shule kwa mtandao. Hata hivyo hafla haikamiliki bila huo ubao, kwa sababu wananchi wanataka kuona nani ametoa, nani amepokea, kiasi gani, na lini. Ongeza sahihi, na hundi nzima ndiyo hiyo.

Karatasi ya namna hii ni kongwe kuliko benki. Katika karne ya 10 msafiri Ibn Hawqal aliandika kwamba aliona hati ya deni la dinari 42,000, iliyothibitishwa na mashahidi, akidaiwa mfanyabiashara wa Awdaghust, mji wa misafara ukingoni mwa Sahara. Dhahabu ya thamani hiyo haivushwi jangwani bila hofu. Hati huvuka ndani ya mkoba wa mtu mmoja.

Pwani yetu iliijua mapema pia, kupitia wafanyabiashara wa Kihindi ambao jina la hundi ni lao. Katika Zanzibar ya karne ya 19, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji iliyokodishwa forodha ya Sultani, na ile ya Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip mali ya safari zake za bara, ziliendesha biashara ya pembe na karafuu kwa mkopo na kwa maandishi yaliyoheshimiwa hadi Bombay. Hapakuwa na mashine wala mhuri wa serikali uliozipa hati hizo nguvu. Nguvu ilikuwa kwenye jina la mtu na la ukoo wake, na aliyekataa kulipa hati yake habari zake zilivuka bahari pamoja na majahazi.

Hundi ya benki kwa sura tunayoijua ilikulia London. Miongoni mwa zile kongwe zilizosalia Uingereza ni ya Februari 1659 kwa kalenda ya wakati ule. Imeandikwa yote kwa mkono: Nicholas Vanacker anawaagiza Clayton na Morris, waandishi wa hati waliokuwa wakitunza fedha za wateja, wamlipe Bwana Delboe pauni 400. Karne moja baadaye benki zilikuwa nyingi, na kila siku makarani walizunguka jiji kwa miguu, kila mmoja akidai benki za wenzake. Walichoka. Wakaanza kukutana kwenye baa moja ya mtaa wa Lombard, kila mmoja na bunda lake la hundi, wakabadilishana na kulipana tofauti tu. Kufikia miaka ya 1770 walikuwa wamekodi chumba chao. Hiyo ndiyo asili ya mifumo yote ya leo ya kusawazisha malipo kati ya benki, ikiwemo ya Benki Kuu zetu, na mimi naona ni uvumbuzi mkubwa kuliko hundi yenyewe: watu wachovu, wasio na cheo, waligundua kwamba madai mengi yakiwekwa meza moja hufutana. Hata ile mistari miwili inayokatiza uso wa hundi ilitoka kwao. Karani aliandika jina la benki yake juu ya hundi ili isije ikalipwa dirishani kwa yeyote aliyeiokota. Desturi ikawa sheria. Sheria ya Uingereza ya 1882 kuhusu hati za malipo ikaeleza hundi ni kitu gani, na nchi zetu zikairithi.

Benki zilifuata bendera. National Bank of India ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896. Wajerumani walifungua yao Dar es Salaam mwaka 1905. Kitabu cha hundi kilikuwa mali ya mlowezi, ya kampuni ya mkonge, ya mwenye duka kubwa. Mwafrika wa Tanganyika aliwekewa hata sheria ya kumzuia kukopeshwa bila idhini ya ofisa. Uhuru ulipokuja, na benki zilipotaifishwa Februari 1967 na kuundwa benki ya taifa ya biashara, NBC, hundi ilibaki kuwa chombo cha ofisi: wizara, shirika la umma, chama cha ushirika, shule ya bweni. Mkulima wa pamba alisubiri fedha taslimu kwenye mizani. Kwa hiyo tunapouliza kama hundi bado ina maana, tukubali kwanza kwamba kwa wananchi wengi wa Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na maana yoyote. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu waliingia kwenye fedha za mtandao bila kuwahi kushika kitabu cha hundi.

Benki Kuu nazo zilikuwa zikiibana hundi kutoka juu. Tanzania ilianzisha mfumo wa malipo makubwa ya papo kwa papo, TISS, mwaka 2004. Kenya ikafuata na KEPSS mwaka 2005. Tangu Oktoba 2009 hundi ya Kenya inayopita kati ya benki hairuhusiwi kuzidi shilingi milioni 1. Tanzania iliweka kikomo cha shilingi milioni 10. Kisha safari ya karatasi ikafutwa: mwaka 2011 Kenya ilianza kutuma picha ya hundi badala ya hundi yenyewe. Marekani ilikuwa imelazimika kufika hapo kwa uchungu zaidi. Hundi zake zilikuwa zikisafirishwa kwa ndege kila usiku, na ndege zilipozuiwa kuruka baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, malipo ya mabilioni ya dola yalikwama. Sheria ya kuipa picha ya hundi nguvu sawa na hundi ilitiwa saini Oktoba 2003.

Baada ya hapo nchi zimekuwa zikifunga mlango mmoja mmoja. Denmark iliacha kushughulikia hundi mwaka 2017, Afrika Kusini mwisho wa Desemba 2020, benki kubwa za New Zealand kufikia mwisho wa 2021. Uingereza ndiyo yenye la kutufundisha. Matumizi ya hundi huko yalifika kileleni mwaka 1990, karibu hundi bilioni 4 kwa mwaka, kisha yakaporomoka. Mwaka 2009 wasimamizi wa malipo walitangaza kwamba zingekoma Oktoba 2018. Wazee, mashirika ya hisani na vyama vidogo wakapiga kelele: tutalipaje, na nani atatutilia saini pamoja? Julai 2011 uamuzi ukafutwa.

Swali lao ni letu pia, tena kwetu ni zito zaidi. Sitaitetea hundi kwa kasi yake, wala kwa uaminifu wake. Hundi hewa imewaumiza wengi. Kenya iliifanya kosa la jinai katika kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu. India ilifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980, na mahakama zake zikajaa kesi hizo. Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi walioko Dubai bado hulipa kodi ya nyumba kwa hundi za tarehe za mbele, zililegeza adhabu ya jinai Januari 2022. Kumdai mtu kwa karatasi isiyo na fedha nyuma yake ni mateso, na simu imetuondolea mengi ya hayo.

Ila hundi ya kikundi ina sahihi mbili, aghalabu tatu. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina huketi mezani, kila mmoja anasoma jina la anayelipwa na kiasi, anatia saini, na kishina kinabaki kitabuni kwa ajili ya mkaguzi. Ni ulinzi uleule wa kasha la kikundi cha akiba cha VICOBA lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Najua ulinzi huo huvunjwa: mwenyekiti anasafiri, anaacha hundi tano zimesainiwa tupu, na fedha za wanachama zinaliwa. Lakini alipovunja ulinzi aliacha sahihi yake, na sahihi hiyo inasimama mahakamani.

Sasa tazama kinachotokea vikundi vinapohamia simu kwa haraka. Laini inasajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Namba ya siri anaijua mmoja, au wanaijua wote, na hayo ni mabaya sawasawa. Mweka hazina akifariki, wanachama wanahangaika kwa wakala na kwa kampuni kuthibitisha kwamba fedha ni zao. Akitoroka, hakuna sahihi ya pili ya kuuliza. Kasoro hii inatibika. Benki nyingi zina huduma ya mtandao ambayo mmoja huandaa malipo na mwingine huyaidhinisha, na zipo huduma za simu za vikundi zinazodai idhini ya zaidi ya mtu mmoja kabla shilingi haijatoka. Tatizo ni kwamba huduma hizo hutangazwa kwa makampuni, huku ushirika wa kijiji, kamati ya msikiti na kwaya ya kanisa wakiambiwa tu kwamba vitabu vya hundi vina gharama na vitakwisha.

Kwa mtu binafsi hundi imemaliza kazi, na sioni sababu ya kuililia. Kwa kikundi isifutwe hata siku moja kabla ya benki kukaa na viongozi wake, kuwasajili waidhinishaji wote kwa majina na vitambulisho vyao, na kuwaonyesha namna mkaguzi atakavyopata orodha ya nani aliandaa na nani aliidhinisha. Katibu anayekwenda kufunga akaunti ya hundi mwaka huu aulize dirishani, kabla hajarudisha kitabu: malipo yetu yataidhinishwa na watu wangapi, na mmoja wao akifa, nani anaingia mahali pake na kwa karatasi gani?