Johnny Bright: Mkimbiaji aliyeipa kisogo NFL na kutamba Kanada

JINA la Johnny Bright halijulikani sana nje ya Amerika Kaskazini, lakini katika jiji la Edmonton, mkoani Alberta, Kanada, wapo wazee ambao hadi leo hawamtaji mchezaji mwingine kabla yake.

Mchezo uliompa sifa huitwa kandanda na wenyewe, ingawa kwa hakika unakaribiana zaidi na raga. Timu ya Kanada huwa na wachezaji 12 uwanjani na hupewa nafasi tatu pekee za kusonga mbele yadi 10, ilhali ile ya Marekani ina wachezaji 11 na nafasi nne. Bright alikuwa mkimbiaji, yaani mchezaji anayesimama nyuma, akakabidhiwa mpira na kulazimika kupenya katikati ya ukuta wa walinzi.

Alizaliwa Juni 11, 1930 mjini Fort Wayne, jimbo la Indiana, Marekani. Akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Drake, jimboni Iowa, aliongoza wachezaji wote wa vyuo nchini humo kwa jumla ya yadi za mashambulizi mwaka wa 1949 na 1950. Kufikia msimu wa 1951 alitajwa miongoni mwa waliotarajiwa kuwania Tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa vyuo. Wakati huo hakuna Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa ameitwaa.

Oktoba 20, 1951, Drake ilizuru Stillwater kucheza dhidi ya Oklahoma A&M. Uvumi ulikuwa umeenea kuwa Bright angelengwa. Katika dakika saba za kwanza aliangushwa na kuzimia mara tatu, na mlinzi Wilbanks Smith akamvunja taya kwa pigo la mkono wakati Bright alikuwa tayari ameutoa mpira na kusimama mbali na mapambano. Taya likiwa limevunjika, alirusha pasi ya yadi 61 iliyozaa alama, kisha akatolewa. Drake ilishindwa 27-14.

Huenda kisa hicho kingezimwa kimyakimya iwapo John Robinson na Don Ultang, wapigapicha wa gazeti la Des Moines Register, hawangekuwapo. Waliondoka mapema ili kuiwahisha filamu, lakini walikuwa wamekwisha kupata walichohitaji. Mfululizo wa picha zao uliwashindia Tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1952. Wasimamizi wa ligi ya vyuo hivyo hawakumwadhibu yeyote, nayo Drake ikajiondoa ligini kwa hasira.

Mwaka uo huo wa 1952 klabu ya Philadelphia Eagles ilimteua Bright katika awamu ya kwanza. Angekuwa mchezaji wake wa kwanza mweusi. Ligi ya NFL ilikuwa ikipokea wachezaji wengi kutoka majimbo ya kusini, naye hakujua wangemtendeaje. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa kijana wa miaka 21, lakini aliukataa mwaliko na kujiunga na Calgary Stampeders.

Katika msimu wake wa kwanza aliongoza ligi ya magharibi mwa Kanada kwa yadi za kukimbia. Majeraha yakamwandama baadaye, na mwaka wa 1954 Calgary ikamwachilia kwenda Edmonton, klabu ya mkoa huo huo. Ni vigumu kuamini kuwa Calgary haikujutia hatua hiyo. Edmonton ilitwaa Kombe la Grey mara tatu mfululizo, 1954, 1955 na 1956, kila mara ikiilaza Montreal. Katika fainali ya 1956, iliyoisha 50-27, Bright alikimbia yadi 171.

Mwanzoni Edmonton ilimtumia pia kama mlinzi. Alipoachiwa jukumu la kukimbia, alivuka yadi 1,000 kila msimu kuanzia 1957 hadi 1961. Mwaka wa 1958 pekee alifikisha 1,722. Mwaka wa 1959 aliteuliwa mchezaji bora wa ligi, mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Alichukua uraia wa Kanada mwaka wa 1962, na alipostaafu 1964 alikuwa na yadi 10,909, rekodi ya ligi wakati huo. George Reed wa Saskatchewan aliivunja baadaye.

Bright, aliyesomea ualimu Drake, alifundisha Edmonton na kupanda hadi cheo cha mwalimu mkuu, huku akinoa timu za wanafunzi. Alifariki Desemba 14, 1983 akiwa na umri wa miaka 53, baada ya moyo wake kusimama alipokuwa akifanyiwa upasuaji wa goti.

Chuo cha Stillwater, ambacho sasa huitwa Oklahoma State, kiliomba radhi rasmi mwaka wa 2005, miaka 54 baada ya pigo lile. Mwaka uliofuata Drake iliupa uwanja wake wa mchezo jina la Bright, na 2010 shule inayoitwa kwa jina lake ikafunguliwa Edmonton.