Posa ya Uongo na Haki ya Kukataa

Kusini ya Mto Pangani, ng'ambo ya kivuko cha Bweni, katika njia iendayo Mkwaja, kipo kijiji cha Mwera. Tuwaze vijana wawili wa kijiji kile. Walipendana zamani, kisha wakaachana kwa wema. Sasa kila mmoja asumbuliwa na jamaa zake: huyu hutajiwa binti wa ami yake, na yule mwana wa shangazi yake. Wakapatana wajifanye wachumba ili wazee watulie. Hila hiyo yaonekana kuwa ni mchezo wa ujana wa siku hizi, lakini historia ya ndoa katika Mrima yaonyesha kwa nini hufaa kwa muda, na kwa nini huweza kumdhuru aliyeitunga.

Nguvu ya hila hii yatoka katika desturi ileile inayokwepwa. Posa ilikuwa ni shughuli ya jamaa mbili. Mshenga alitumwa, majibu yakangojewa, kisha zikafuata ada kama vile kilemba na mkaja, ambazo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alizieleza katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Tena sheria ya Kiislamu yamkataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye. Kwa hiyo hata fununu ya posa huweza kumsimamisha mshenga mlangoni.

Aliyehitaji ngao hiyo zaidi alikuwa mwanamwali. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ni ya Waislamu wengi wa pwani, baba au babu aliruhusiwa kumwoza mwanamwali kwa mume aliye kufu yake pasipo idhini yake, ijapokuwa kumtaka shauri kulihimizwa. Na kimya chake kilihesabiwa kuwa ni ridhaa. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hakuozwa mpaka atamke kwa kinywa chake. Basi ndoa ya kwanza ilikuwa ya wazee, na ya pili ya mwenyewe.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, na 62 tu iliyosalimika ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mashamba yaliyofuata yalileta wageni na mishahara. Kijana mwenye mshahara aliweza kujitafutia mahari bila ya kumngojea mjomba wake. Binti hakupata uhuru wa kadiri hiyo.

Na hatari ya hila nayo haikugawanywa sawasawa. Mafundisho mashuhuri ya dini yasema kwamba katika ndoa, talaka na kumrejea mke, mzaha ni sawa na kweli. Wazee wakiifurahia posa ya uongo na kuharakisha nikaha, neno lililotamkwa kwa mchezo mbele ya mashahidi hufunga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa. Na wawili wakikaa nyumba moja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, kifungu cha 160 chawadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata pasipo mahakama, mwanamume akijitoa husemwa kuwa amebadili nia. Mwanamke husemwa kuwa ameachwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria hiyohiyo yataka ridhaa huru ya wote wawili. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Lakini sheria hungoja mahakamani, na shauri la jamaa hukatwa ukumbini. Pale, binti akisema ana mchumba, huachwa. Akisema hataki, huulizwa sababu.

Hivyo uongo wa vijana wale wafichua ukweli juu yetu: kukataa kwa mwanamke hakuheshimiwi mpaka kuegemee jina la mwanamume. Wahenga walijua kuusikia ukubali katika kimya cha mwanamwali. Sisi yatupasa tujifunze kulisikia neno lake anaposema hataki, asihitaji kuazima mchumba.