Kasoro ya PPTP: Nambari ndogo iliyowafungulia wavamizi mlango

PPTP ni itifaki inayoiwezesha tarakilishi iliyo mbali kujiunga na mtandao wa ofisi kupitia intaneti, kana kwamba imeunganishwa kwa waya ndani ya jengo. Data hupitishwa katika njia iliyotengwa, ambayo wataalamu huifananisha na handaki. Maelezo yake yalichapishwa Julai 1999 katika waraka RFC 2637.

Miongoni mwa programu zilizotoa huduma hiyo katika seva za Linux ni PoPToP, iitwayo pia pptpd. Mnamo Aprili 2003 ilibainika kwamba mtu aliye popote kwenye intaneti angeweza kuilazimisha itekeleze maagizo yake. Aliyeigundua kasoro hiyo ni Timo Sirainen, raia wa Finland aliyeunda pia programu ya barua pepe ya Dovecot.

Chanzo kilikuwa hesabu ya kutoa. Kila ujumbe wa kuiongoza njia hiyo huanza kwa baiti 2 zinazotaja urefu wa ujumbe mzima. PoPToP ilizisoma, ikatoa 2 katika urefu uliotajwa, kisha ikasoma kiasi kilichosalia. Haikuhakikisha kwanza kwamba urefu huo unafika hata hizo 2. Mvamizi alipotaja 0, jibu lilikuwa hasi 2. Na kwa kuwa hatua ya kusoma hutambua nambari chanya pekee, tarakilishi ya biti 32 iliichukua kuwa 4,294,967,294. Data ya mvamizi ikafurika kupita nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu, na kufunika sehemu zinazoongoza mwenendo wa programu.

La kutisha zaidi ni kwamba haya yote yalitendeka kabla ya mgeni kuulizwa jina wala neno la siri. Aidha, pptpd aghalabu iliendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa seva, hivyo aliyeiteka aliteka kila kitu.

Toleo 1.1.4-b3 liliiziba kasoro hiyo. Debian ilipotoa tangazo lake nambari DSA-295 mwishoni mwa mwezi huo, ilionya kuwa programu ya kushambulia ilikuwa tayari ikisambazwa.

Kasoro za PPTP hazikuishia kwa PoPToP. Mei 2022, Microsoft iliziba kasoro mbili za PPTP katika Windows, CVE-2022-21972 na CVE-2022-23270, zilizoruhusu uvamizi kutoka mbali. Apple ilikuwa imeiondoa itifaki hiyo katika mifumo yake mwaka wa 2016, nayo Microsoft ilitangaza Oktoba 2024 kwamba itaiacha katika matoleo yajayo ya Windows Server, ikiwahimiza wasimamizi kuhamia SSTP au IKEv2.