Survivors (1975): tamthilia ya zamani ya dunia iliyokufa, na kwa nini sisi wa Ngara tuicheki

Haya wadau wa Ntobeye, Rulenge, Ngara mjini, Biharamulo na kwingineko, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Kuna tamthilia moja ya zamani ya Uingereza ambayo vijana wengi hata jina hawajalisikia. Inaitwa Survivors, yaani walionusurika. Ukiikuta usiipite eti kwa sababu picha zake za kizamani.

NI KITU GANI
Ni kazi ya BBC, ilianza kuonyeshwa Aprili 1975 ikamalizika Juni 1977. Misimu 3, sehemu 38, kila moja kama dakika 50. Mbunifu wake ni Terry Nation, yule yule aliyewatunga viumbe wa Dalek kwenye Doctor Who. Hakuelewana na mtayarishaji Terence Dudley, akaondoka baada ya msimu wa kwanza. BBC waliitengeneza upya mwaka 2008, ikaishia 2010. Msichanganye, hapa naongelea ile ya kwanza.

HADITHI KWA KIFUPI
Mwanzoni kabisa unaona mwanasayansi anaangusha chupa maabara, halafu pasipoti zinagongwa mihuri, nchi moja baada ya nyingine. Hakuna anayekueleza kitu, ila umeshaelewa: ugonjwa umepanda ndege. Muda si mrefu karibu watu wote wamekufa. Mama mmoja, Abby Grant (Carolyn Seymour), anaugua, anapona, anamkuta mumewe keshafariki. Anatoka kumtafuta mwanae Peter aliyekuwa shule ya bweni. Baadaye anakutana na Jenny (Lucy Fleming) na injinia Greg (Ian McCulloch), wanaanza kuishi pamoja na kulima.

Mazombi hakuna, na milipuko ni michache. Mambo yanayowasumbua ni chumvi, mbegu, sabuni, na nani aongoze.

PALE INAPOUMA
Sehemu ya kwanza Abby anazungumza na mwalimu mzee. Mzee anamwonyesha kwamba vitu vilivyobaki madukani vitaisha, na baada ya hapo hata mshumaa au kisu, hakuna anayejua kukitengeneza kuanzia mwanzo. Hapo mtu wa Ntobeye unaweza kucheka. Wenzetu wanalia kushika jembe na kuteka maji mtoni, wakati kwa bibi yako hiyo ni Jumatatu tu!

Ila usicheke sana. Jembe la bibi limetoka dukani. Kiberiti, chumvi, dawa ya malaria, vyote vimekuja kwa gari. Malori yasipopita Lusahunga miezi sita, nani kwetu bado anajua kufua chuma?

Sehemu ninayoikubali kuliko zote inaitwa Law and Order, ya 9 msimu wa kwanza. Mtu anauawa kijijini kwao, wanakaa kikao, wanapiga kura, wanamhukumu kifo mtu ambaye siye. Ukweli unakuja kujulikana baadaye, na wakubwa wanaamua kunyamaza kwa sababu mikono ya kazi ni michache. Nilizima, nikakaa kimya kwanza.

KWA NINI SISI
Waingereza wale walikuwa wanabuni. Wazee wetu waliona kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya kama siku moja, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Muulize mama yako kuni ziliishaje, maji yaligawanywaje.

Halafu Januari 20, 2025 serikali ikatangaza Marburg wilayani Biharamulo. Waliothibitika 2, waliodhaniwa kuwa nao 8, wote 10 wakafariki. Machi 13 ikatangazwa imekwisha. Haikwenda mbali kwa sababu kulikuwa na watu wa kupima, wa kuwatenga wagonjwa, na wa kuwafuatilia siku 21 wale waliowagusa. Kwenye Survivors watu hao ndio wanakufa mapema, na baada yao hakuna wa kumfuatilia mwingine. Ndiyo maana mimi nikimwona nesi wa zahanati sasa hivi namsalimia kwa heshima tofauti.

UANZIE WAPI
Anza na sehemu 3 za mwanzo, ruka kidogo uone Law and Order, kisha msimu wa pili tafuta Lights of London, sehemu mbili kuhusu watu kama 500 waliobaki mjini pamoja na panya. Imeshatoka kwenye DVD. Kiingereza chao ni cha taratibu, utafuata. Inaenda polepole, kwa hiyo kama unahesabiwa dakika kafe, bora utafute kopi ukaangalie nyumbani.

Swali kwa mdau: kesho duka likifungwa moja kwa moja, mkono wako unajua kazi gani? Mimi nimejibu moyoni na sikupendezwa na jibu.