Hesabu na Shauri katika Igisoro na Bao

Bweyeye, katika Wilaya ya Rusizi, nchi iliyokuwa zamani mkoa wa Cyangugu, imekaa ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, ikipakana na Burundi. Upande wa Rwanda mchezo wa ubao na kete huitwa igisoro; ukivuka mpaka, Warundi huuita ikibuguzo; na sisi Waswahili tunao bao. Majina ni mbalimbali, lakini umbo la ubao ni moja: safu nne za mashimo manane, na kete 64, kila mchezaji akiwa na 32. Basi swali la kale ni hili: mchezaji hushinda kwa hesabu ya kete, au kwa shauri?

Katika igisoro kete zote huwamo ubaoni tangu mwanzo. Mchezaji huzoa za shimo moja na kuzigawa moja moja. Ya mwisho ikiangukia penye kete, huzoa tena na kuendelea. Asiye na njia ya kucheza ameshindwa. Hapa hesabu ina nguvu kubwa, kwani aliyekosea kete moja amekosea safari nzima.

Wazee wa pwani waliugawa mchezo sehemu mbili. Katika namua kila mchezaji ana kete 10 tu ubaoni, sita kati yake zikiwa nyumbani. 22 zimo mkononi, naye huingiza moja kila zamu. Zikiisha, ndipo huja mtaji. Tena, mchezaji aliyekula, safari yake ikiishia nyumbani, ana hiari: ama alale, ama asafiri kwa kuzoa kete za nyumba na kuzigawa. Akisafiri, haki za nyumba hiyo hazirudi tena. Hesabu itamwonyesha kete atakazokula sasa. Haimwambii kama yafaa kuivunja nyumba leo, au ni heri avumilie. Mwanafunzi hula kila apatapo, akasahau kwamba mtaka yote hukosa yote.

Hata hivyo, fundi haidharau hesabu. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitoa huko Leiden, Uholanzi, utafiti wake juu ya mafundi wa bao wa Unguja, na jina alilouchagulia lataja mipaka ya akili. Neno hilo lafaa kufikiriwa. Akili ya fundi nayo ina mwisho wake, na pale hesabu inapokoma ndipo shauri huanza. Shauri lisilo na hesabu ni kubahatisha. Hesabu isiyo na shauri ni kushughulika bure.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwalimu atakayefundisha Bweyeye huenda akakuta wanafunzi wanaoijua igisoro kwao. Na aanzie hapo. Awaulize kwa nini mtaji ni neno la bao na pia ni neno la mfanyabiashara, naye atakuwa amewafundisha lugha na busara kwa pamoja.