Bunduki za Mazinde na Amri ya Vita

Hadi alipofariki mwaka 1862, Kimweri ye Nyumbai aliitawala Usambara akiwa Vugha, juu milimani. Alikuwa Simba Mwene, mwenye mvua na mwenye nchi. Wanawe aliwagawia maeneo ya kutawala, na kodi ikapanda mlima kwenda kwake. Kwa desturi, kauli kubwa ilitoka Vugha.

Lakini tambarareni mambo yalikuwa yanabadilika. Wazigua wa Handeni hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilikuwa na mkubwa wake. Kupitia Pangani na Saadani walipata bunduki mapema kuliko Wasambaa, wakilipa kwa pembe za ndovu na, kwa uchungu mkubwa, kwa watu waliouzwa utumwani. Gobori lilitaka subira: baruti humiminwa mtutuni, hushindiliwa kwa mdeki, kisha risasi hufuata. Hata hivyo, aliyelishika hakulazimika kungoja neno la mfalme.

Aliyelielewa hilo kuliko wote ni Semboja, mwana wa Kimweri. Makao yake yalikuwa Mazinde, ambayo leo imo wilayani Korogwe, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Misafara ilipita mlangoni kwake, na bunduki na baruti zikamfikia kabla ya kufika milimani. Kwenye kiti cha Vugha alikuwa amekalishwa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Semboja alimwondoa kwa nguvu, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu. Yeye mwenyewe alibaki Mazinde. Cheo kilikuwa mlimani, uamuzi ulikuwa barabarani.

Nani hasa anaamua, mwenye cheo au aliye karibu na silaha? Swali hilohilo linaandama silaha za nyuklia. Nchini Marekani, rais peke yake ana mamlaka ya kuamuru zirushwe, bila kuomba ridhaa ya Bunge. Lakini Oktoba 27, 1962, wakati wa mgogoro wa makombora nchini Cuba, torpedo ya nyuklia ilikuwa ndani ya nyambizi ya Kisovieti B-59, mbali na Moscow na bila mawasiliano nayo. Kwa simulizi za waliokuwamo, nahodha alitaka kuitumia. Ofisa mwenzake, Vasili Arkhipov, akamtuliza. Siku hiyo uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu wachache waliochoka, chini ya maji.

Mwalimu Nyerere aliona hatari ya wachache kuamua uhai wa wote. Mei 22, 1984, yeye na viongozi wa India, Sweden, Mexico, Argentina na Ugiriki waliyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe kuzijaribu, kuziunda na kuzisambaza. Mwaka 2009 Mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia barani Afrika, ulianza kufanya kazi. Waafrika tusiishie hapo. Tuendelee kuyauliza mataifa hayo si tu nani anatoa amri, bali pia nani analala karibu na silaha.