Shahada ya biashara ya nje ya nchi: ithibati ipi itakufaa ukirudi Dodoma?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ujumbe wa aina moja huanza kuingia studioni kwetu. Mzazi wa Kongwa ameuza alizeti na anataka kumpeleka binti yake India akasome biashara. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ana kijana aliyepata barua ya kukubaliwa na chuo cha Uingereza ambacho hakuna mtu kijijini aliyewahi kukisikia. Mtumishi wa Mtumba anataka shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA, aisome kwa mtandao usiku baada ya kazi. Wote huuliza swali lilelile: chuo kinasema kina ithibati ya kimataifa, je, tukiamini?

Huwa tunawajibu kwamba lipo swali la kuuliza kabla ya hilo. Ithibati hiyo imetolewa na nani, na nani anaitambua hapa nyumbani? Chuo kinaweza kuwa na mihuri mitano kwenye tovuti yake na shahada yake isifae kitu siku ya usaili. Kingine hakina muhuri wowote wa kujivunia, lakini shahada yake inapita bila shida.

Kwa mkazi wa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mwajiri mkubwa wa mji huu ni Serikali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ina ofisi zake hapahapa, katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Soma tangazo lake lolote la kazi hadi kwenye masharti ya jumla, sehemu ambayo wengi huiruka. Utakuta waombaji waliosoma nje ya Tanzania wanatakiwa kuhakikisha vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika, yaani TCU kwa shahada, NECTA kwa vyeti vya sekondari, na NACTVET kwa vyeti vya ngazi ya kati. Utakuta pia kwamba matokeo ya muda hayakubaliki. Anayetuma maombi bila uhakiki huo anajiweka katika hatari ya kuachwa kabla hajaitwa.

Wakazi wa zamani kidogo wa mji huu watakumbuka Aprili 28, 2017. Siku hiyo, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, haukugusa shahada. Hata hivyo, ulibadilisha mazoea. Tangu hapo karatasi ya mtu haitazamwi sura tu, inafuatiliwa hadi ilikotoka.

Kuna maneno matatu ambayo mawakala huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Usajili maana yake chuo kipo kisheria, pengine kama kampuni tu. Ithibati maana yake chombo chenye mamlaka kimekagua ubora wa chuo au wa programu na kuridhika. Utambuzi ni uamuzi wa nchi yako kwamba tuzo uliyoipata huko ni sawa na tuzo fulani ya hapa. Kwa shahada, kazi hiyo kwa Tanzania ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza mwaka 2005 ikirithi Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Chuo kinaweza kuwa na la kwanza bila la pili, na la pili halikupi la tatu moja kwa moja.

Tuanze na Uingereza, maana ndiyo inayotajwa zaidi katika matangazo. Kule kuandikisha kampuni ni kazi ya siku moja au mbili na gharama yake ni ndogo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti cha usajili wa kampuni mjini London, hajakuonyesha chochote kuhusu elimu. Anayeruhusiwa kutoa shahada ni yule aliyepewa mamlaka hayo kisheria, na orodha ya wenye mamlaka iko wazi kwa umma. Kwa England kuna pia rejista ya Office for Students, chombo kilichoanza kazi mwaka 2018. Vyuo vingi vidogo hufundisha kozi za biashara kwa niaba ya chuo kikuu kingine. Hilo ni halali, lakini uliza mapema cheti kitaandikwa jina la nani, kwa sababu jina hilo ndilo litakalotazamwa huku.

Marekani hakuna wizara inayotoa ithibati. Kazi hiyo hufanywa na mashirika yasiyo ya Serikali, na mashirika yenyewe hutambuliwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo au na baraza liitwalo CHEA. Leseni ya jimbo peke yake si ithibati. Tena ithibati inaweza kuporomoka mwanafunzi akiwa darasani: mwaka 2022 Wizara hiyo ililiondolea utambuzi shirika la ACICS, na vyuo vilivyokuwa chini yake vikalazimika kutafuta shirika lingine ndani ya muda maalumu. Kwa hiyo tazama pia ithibati ya chuo inaisha mwaka gani, na kama itafika mwaka utakaohitimu.

India ina Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu, UGC, ambayo hutoa kwa umma orodha ya vyuo vikuu bandia. Jina moja lililokaa humo kwa miaka mingi ni Commercial University Ltd. ya Daryaganj, Delhi. Mtu akilisikia jina hilo akiwa hapa Majengo au Area C, atadhani ni chuo kikuu cha biashara. Kulitafuta jina la chuo katika orodha hiyo huchukua dakika tano, nasi tunashangaa ni wachache mno wanaofanya hivyo kabla ya kulipa ada.

Na India hiyohiyo ina mtego mwingine ambao hauna uhusiano na utapeli. Taasisi za usimamizi za IIM ni miongoni mwa shule za biashara zinazoheshimika sana duniani, lakini kwa miongo kadhaa tuzo yao kuu ilikuwa stashahada ya uzamili, haikuwa shahada. Ni sheria ya mwaka 2017 iliyozipa mamlaka ya kutoa shahada. Shule nyingi za binafsi za India bado zinatoa stashahada ya aina hiyo, PGDM, na wakala atakwambia ni sawa na MBA. Kwa mwajiri wa Mumbai huenda ni kweli. Hapa kwetu kilichoandikwa kwenye karatasi ni stashahada, na wewe ndiye utakayepaswa kuthibitisha kwamba ni zaidi ya hapo.

Hatari kubwa zaidi ni ithibati ya kutengenezwa. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo ambavyo havikuwepo. Tovuti zilikuwa nzuri, zenye picha za wanafunzi wakicheka na majina yanayokaribiana na ya vyuo vinavyojulikana. Lililotushtua zaidi ni kwamba mtandao huo ulikuwa na mashirika yake ya ithibati, nayo ya kubuni. Mteja mwenye mashaka alielekezwa kwenye tovuti ya shirika la ithibati, akaenda, akalikuta jina la chuo, akaridhika. Alikuwa amemuuliza mwizi kuhusu mwizi mwenzake. Ndiyo maana tunasisitiza usiifikie orodha ya ithibati kwa kubofya kiungo kilicho kwenye tovuti ya chuo. Anza upande wa pili, kwenye mamlaka ya elimu ya nchi husika, ushuke hadi kwenye jina la chuo.

Sasa tuje kwenye mihuri ya shule za biashara, ambayo ndiyo hasa watu huita ithibati ya kimataifa. Mikubwa ni mitatu. AACSB ilianzia Marekani mwaka 1916, na hukagua shule nzima ya biashara. EQUIS inaendeshwa na EFMD yenye makao Brussels, nayo hukagua shule nzima. AMBA ilianza Uingereza mwaka 1967 na hutazama programu, hasa MBA. Inataka wanafunzi wa MBA wawe na uzoefu wa kazi wa walau miaka mitatu. Shule yenye yote mitatu husemwa ina taji tatu, na ni chache duniani. Afrika Kusini zipo, mathalani shule za biashara za Stellenbosch na Cape Town.

Mihuri hii ni ya kweli na ina thamani, hasa kwa anayetaka kazi katika benki au kampuni za kimataifa. Lakini ni ya hiari. Haiwi badala ya idhini ya nchi, na kuikosa hakuharamishi shahada. Vyuo vingi vizuri vya dunia havina hata mmoja. Angalia pia neno mwanachama: shule inaweza kulipa ada ya uanachama wa AACSB bila kuwa na ithibati yake, kisha ikaweka nembo kwenye tangazo. Aliyeandika tangazo hajadanganya, ila ametegemea kwamba hutauliza.

Kuna watu ambao chuo chao ni halali kabisa na bado wakakwama. Mara nyingi tatizo liko kwenye ngazi walizopandia. Hapa nchini, mhitimu wa kidato cha sita huhitaji ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4 ili aingie shahada ya kwanza. Mwenye stashahada ana vigezo vyake. Vyuo vya nje vina njia nyingine: mwaka mmoja wa kozi ya msingi baada ya kidato cha nne, au MBA kwa mtu asiye na shahada ya kwanza ila mwenye miaka mingi kazini. Kule ni utaratibu wa kawaida. Tume ya hapa hutazama na sifa ulizoingilia nazo, siyo karatasi ya mwisho pekee. Anayefikiria MBA ya uzoefu bila shahada ya kwanza tungemshauri aulize kwa maandishi kabla hajatoa hata shilingi moja.

Masomo ya mbali yana swali lake. Mwezi Juni 2022 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilifuta utambuzi iliokuwa imeutoa kwa shahada ya usimamizi ya mgombea mmoja wa ugavana wa Nairobi, aliyesema aliisoma kwa utaratibu wa nje katika chuo cha Uganda. Chuo chenyewe kilikuwa na leseni ya nchi yake. Kilichotakiwa ni ushahidi kwamba yeye alisoma pale. Mwishowe aliidhinishwa kugombea, akashinda. Mwanafunzi wa kawaida hana mawakili wa kumpigania, kwa hiyo na atunze barua ya udahili, stakabadhi za ada, barua pepe za walimu, kazi alizowasilisha, na pasipoti yenye mihuri ya safari kama alisafiri.

Kwa anayeona Ulaya ni mbali, Dubai kuna matawi ya vyuo vya Uingereza, kama Heriot-Watt na Middlesex, yote yaliyofunguliwa mwaka 2005. Tawi la namna hiyo liulizwe maswali mawili: idhini ya Dubai na idhini ya chuo mama.

Wanaosoma uhasibu au ugavi wakumbuke bodi za taaluma. NBAA kwa wahasibu na PSPTB kwa ununuzi na ugavi zina mitihani na usajili wao. Shahada ya nje, hata ya chuo chenye taji tatu, haimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyesajiliwa. Bodi zote mbili zina ofisi Dodoma, kwa hiyo unaweza kwenda na mtaala wa kozi unayoitaka mkononi ukauliza utaanzia ngazi gani ukirudi.

Kuhusu gharama tutasema wazi. Kama lengo ni kazi ya uofisa katika halmashauri au wizara, hatuoni kwa nini mzazi auze shamba kwa ajili ya shahada ya biashara ya kawaida ya nje, wakati Chuo Kikuu cha Dodoma, Mzumbe na Chuo cha Elimu ya Biashara wanafundisha hapahapa nchini. Nje kuna maana pale kozi yenyewe haipatikani nchini, au kuna ufadhili, au mtu ana mpango wa kufanya kazi huko.

Aliyekwisha kuamua kwenda afuate mpangilio huu. Kwanza thibitisha chuo na programu kwenye mamlaka ya nchi husika. Kisha omba TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, maarufu kama NOC, kabla ya kusafiri. Kama unapita kwa wakala, tazama kama yumo katika mawakala wanaotambuliwa na Tume, na umwombe barua ya udahili iliyotoka chuoni moja kwa moja, yenye jina kamili la tuzo, muda wa masomo na mahali pa kusomea. Iandikie ofisi ya msajili wa chuo kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama barua hiyo ni yao. Ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo. Wakala akikwambia nafasi inafungwa kesho na fedha zipitie kwenye simu yake, mwache afunge nafasi yake.